Nikodemo na Mlolongo

Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa Riruta Satellite, Nairobi



Tumeombwa tunene juu ya kukata shauri na kujitoa katika maisha ya Mkristo. Aliyetuomba huenda alitazamia mahubiri. Sisi si wahubiri. Kazi yetu ni sheria. Na wanasheria, kama mjuavyo, hawasifiki kwa wepesi wa kukata shauri. Tumefunzwa kupima pande zote mbili za kesi, na mara nyingine tunapima mpaka jua linatua na mteja amekwenda zake. Kwa hiyo haya tutakayoyasema tunajisemea wenyewe kwanza, nanyi mkiwa mashahidi.

Tuanze na mstari wa watu.

Tangu Juni 1982, kwa nguvu ya kifungu cha 2A cha Katiba, KANU ilikuwa ndiyo chama pekee kilichoruhusiwa na sheria ya Kenya. Mwaka 1986 chama hicho kiliamua kwamba katika mchujo wa wagombea wake wapiga kura wasitumie tena karatasi za siri. Wajipange mstari mchana, kila mmoja nyuma ya mgombea wake, au wakala wake, au picha yake, nao wahesabiwe kichwa kwa kichwa. Huo ndio uliokuja kuitwa mlolongo. Februari 1988 ulitumika nchi nzima, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa kuwa amekwisha kuingia Bungeni bila ya kurudi kwa wananchi mwezi Machi.

Baadhi yetu tulikuwa watoto wadogo. Tulichokiona ni watu wazima wakitazamana. Nani amesimama wapi? Chifu yupo. Mwenye nyumba yupo. Tajiri wa kazi yupo. Na jioni ilipofika, mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Kura ya karatasi ikiibwa huacha alama: pana karatasi, pana sanduku, pana fomu na saini, na wakili anaweza kwenda navyo mbele ya hakimu. Lakini mstari wa watu ukitawanyika hauachi kitu. Kila mtu amekwenda nyumbani kwake na ushahidi umekwenda naye.

Makanisa yaliliona jambo hili mapema. Agosti 1986 wachungaji wa makanisa yaliyo chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikutana na kuupinga mlolongo waziwazi. Hoja yao ilikuwa rahisi. Mchungaji ni wa kondoo wote. Je, akionekana amesimama nyuma ya mgombea mmoja leo, kesho atawahubiria vipi wale waliosimama nyuma ya mwingine? Na yule muumini maskini, ambaye chakula cha watoto wake kimo mkononi mwa mtu anayegombea, atasimama wapi ila pale anapotazamiwa? Baada ya uchaguzi gazeti la Beyond la NCCK lilieleza jinsi kura zilivyovurugwa. Likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Hakufungwa kwa kusema uongo. Alifungwa kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo za mwaka. Dola ikikosa jibu hutafuta kosa la karatasi.

Hata hivyo neno lile halikupotea. Desemba 1990 KANU yenyewe iliuacha mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Basi makanisa yalikuwa na haki kuupinga mlolongo, nasi tunausimulia ili watoto wetu wajue kwamba kura ya siri wanayoipiga ilipiganiwa.

Lakini hapa ndipo penye fundo. Kura ya siri ni haki ya raia mbele ya dola. Je, ni haki ya Mkristo mbele za Mungu wake?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Mkristo atangaze chama chake. Hakuna chama cha Yesu katika msajili wa vyama vya siasa, na katika benchi moja la kanisa wanaweza kuketi watu wa vyama vitatu wakaimba kutoka kitabu kimoja. Huo ndio uzuri wa vyama vingi. Lakini yako mambo ambayo si ya chama: ukweli, rushwa, damu ya jirani, haki ya mfungwa. Katika hayo wengi wetu tumeigeuza imani kuwa kura ya siri. Tunamwamini Kristo moyoni, tunakunja karatasi, tunaitumbukiza sandukuni, na hakuna ajuaye tuliandika nini. Dola haina ruhusa ya kutulazimisha tusimame mstarini. Kristo naye hatulazimishi, lakini anatuita, tena mchana, tena watu wakitazama.

Katika Injili ya Yohana yumo mtu wa kazi kama yetu. Jina lake Nikodemo, mjumbe wa baraza kuu la Wayahudi, mwenye elimu na cheo. Anatokea mara tatu, na katika mara hizo tatu tunaona njia anayoipita mtu mwoga mpaka akawa mtu wa kusimama.

Mara ya kwanza alikuja kwa Yesu usiku. Wahubiri wengi humcheka hapo. Sisi hatumcheki. Wazee wetu waliopita katika miaka ya 1980 wanajua kuzungumza milango ikiwa imefungwa na redio imefunguliwa ili sauti zisisikike nje. Wanajua vyumba vya chini vya Nyayo House, hapa hapa Nairobi, na waliotoka humo wakiwa si watu waliokuwa. Kuogopa si dhambi. Nikodemo aliogopa, lakini alikuja; wengine waliogopa wakalala. Basi kama kuna aliye usiku leo, hatumfukuzi. Tunamwambia tu kwamba usiku ni mahali pa kuanzia safari, si mahali pa kujenga nyumba.

Mara ya pili alikuwa barazani. Wenzake walitaka Yesu akamatwe. Nikodemo hakusema kwamba yeye ni mfuasi. Aliuliza jambo la utaratibu tu: je, sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? Swali dogo la kisheria. Jibu lilikuwa ni matusi; wakamuuliza kama naye ametoka Galilaya. Ndugu zetu, huo ndio ukabila! Mtu anauliza habari za sheria, anajibiwa kwa kuulizwa kwao ni wapi.

Lakini swali dogo lililoulizwa mahali ambapo wote wamenyamaza lina uzito wake. Februari 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alitoa ilani ya kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja waliodai kwamba waliteswa. Alilolifanya ni kazi ya kila siku ya wakili. Akatiwa kizuizini yeye mwenyewe. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama katika kanisa la PCEA la St. Andrew's akautazama mwaka uliokuwa umekwisha, ambao tawala za chama kimoja zilikuwa zimeanguka Ulaya ya Mashariki, akauliza Afrika itakaa vivyo hivyo mpaka lini. Wakubwa walikasirika. Lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka, na swali likitoka halirudishwi mdomoni.

Mara ya tatu ndiyo inayotufundisha zaidi. Yesu amekwisha kufa. Wanafunzi wametawanyika. Hakuna tena cheo cha kupata, hakuna umati wa kushangilia, hakuna hata tumaini. Saa hiyo Nikodemo anatokea pamoja na Yusufu wa Arimathaya, naye amechukua manemane na udi, yapata ratli mia. Mzigo wa ratli mia haufichiki chini ya joho. Kila aliyempita njiani alijua anakwenda wapi na ni wa nani. Mtu aliyekuja usiku mikono mitupu sasa amebeba mzigo mbele ya macho ya watu. Huo ndio mlolongo wake. Amesimama nyuma ya mgombea aliyekwisha kushindwa.

Hapo tunaona tofauti kati ya kukata shauri na kujitoa. Kukata shauri ni kwa siku moja. Kujitoa ni kuubeba mzigo wa shauri lile siku zinazofuata, wakati waliokushangilia wamekwenda.

Mifano tunayo. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa kutoka mashambani, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wakiwa na Wangari Maathai kudai wana wao waachiliwe. Kisha wakaenda Uhuru Park wakaketi, wakafunga kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya wale askari vijana, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito kuliko risasi. Baadaye kanisa kuu la All Saints liliwafungulia mlango, nao wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka mwanzoni mwa 1993 ambapo karibu wana wote waliodaiwa walikuwa wamefunguliwa. Shauri lilikatwa asubuhi moja. Kujitoa kulichukua karibu mwaka. Na kanisa nalo lilijitoa: kufungua mlango ni jambo la dakika moja, lakini kuishi na wageni ambao dola haiwataki, huku polisi wako nje, ni jambo la kila siku.

Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa na waziri mmoja mnamo Agosti 1990 kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori naye akafa. Waziri alijiuzulu, na maswali ya Wakenya hayajakwisha hadi leo. Sisi tunachokijua kwa hakika ni hiki kimoja: alikuwa amekwisha kukata shauri kabla ya kuwasha gari.

Wala hatuna haja ya kwenda Busia. Hapa Riruta ipo seminari ya Kiorthodoksi ambayo Askofu Mkuu Makarios wa Kupro aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1971. Kanisa hilo, pamoja na shule za kujitegemea za Wagikuyu, lilifungwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na kiongozi wake, Arthur Gatung'u Gathuna, akatiwa kizuizini kwa miaka kadhaa. Alipotoka hakukuta kitu cha kujivunia, naye akaanza tena kukusanya watu. Kila tupitapo karibu na majengo yale tukumbuke kwamba yanasimama kwa sababu kuna mtu aliyeanza mara ya pili.

Sasa tumtaje mwanasheria mwingine wa Injili, au tuseme hakimu: Pilato. Alisikiliza kesi. Aliona mshtakiwa hana hatia. Alilisema hilo waziwazi. Kisha akaagiza maji anawe. Pilato hakukosa elimu wala ushahidi. Alikosa kukata shauri. Alitaka kuwa upande wa haki na upande wa umati kwa siku moja. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Na sisi twaongeza kwamba ukumbi wa Pilato haujafungwa. Kila tunaposema kwamba kanisa halina upande, ilhali tunajua fika nani ameonewa, tunaomba beseni.

Tuna ungamo la kufanya. Tumewahi kuketi katika kamati ya ujenzi ya kanisa moja, hatulitaji. Mheshimiwa mmoja alikuja Jumapili na wapambe wake, akapewa kipaza sauti, akaacha bahasha. Sisi ndio tulioandika stakabadhi, kwa mwandiko mzuri. Hatukuuliza fedha zilitoka wapi, nasi ni watu ambao kazi yetu ni kuuliza. Mabati yakapanda. Majuma machache baadaye mheshimiwa yule yule alisimama katika mkutano akawatukana watu wa kabila jingine, majirani zetu, tena kwa maneno ya kuwafananisha na wadudu. Jumapili iliyofuata mchungaji alitutazama, nasi tukatazama juu. Juu kulikuwa na mabati yake. Hakuna aliyefungua kinywa. Siku hiyo tulielewa kwamba hatukupewa paa, tuliuza ulimi.

Kwa hiyo tulifurahi Novemba 2024. Rais wa nchi alikwenda ibadani katika kanisa Katoliki la Soweto, huko Kayole, akatoa mamilioni ya shilingi kwa kwaya na nyumba ya padri. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Hatuwasemi Wakatoliki kwamba hawana makosa. Wao wenyewe hawasemi hivyo. Wala hatusemi kwamba Soweto hapana shida. Shida ipo, na ndiyo sababu uamuzi ule ulikuwa na uzito. Kurudisha fedha usizozihitaji si kazi kubwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ndugu zetu, tumekuja na mambo matatu, nayo si ya kesho. Katiba imeiweka siku ya uchaguzi: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hiyo hakuna Mkristo wa Kenya anayeweza kusema kwamba majaribu yalimkuta ghafla. Yana tarehe.

La kwanza ni madhabahu. Kamati zenu za kanisa zikate shauri sasa, wakati hakuna bahasha mezani, na shauri hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano: kwamba mwanasiasa akija ataketi kama muumini mwingine, hatapewa mimbari, wala mchango wake hautatangazwa wala kupokelewa kwa shangwe. Bahasha ikishawekwa mezani hoja zote huwa tamu.

La pili ni jirani. Tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iliwaka moto. Maduka yalichomwa, na watu waliochota maji kwenye bomba moja kwa miaka mingi wakaogopana. Kibera ilikuwa imeyaonja hayo, tena kwa uchungu zaidi, mwanzoni mwa 2008. Shauri la kumficha jirani halikatwi usiku mlango ukigongwa. Usiku huo mtu hufanya lile tu alilokwisha kuwa. Basi kila nyumba ya ushirika huu ichague nyumba moja ya watu wasio wa lugha yao, wajuane majina, wale pamoja, waombe pamoja, waambiane waziwazi: ikiwa mbaya, njooni kwetu. Mtu na aseme hayo mapema, mbele ya mashahidi. Akiwa amesema, ataona haya kurudi nyuma.

La tatu ni kituo cha kura, na hapa tunawasemesha vijana. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Upeo ilibatilisha uchaguzi wa rais, jambo lililokuwa halijapata kuonekana Afrika. Watu husifu majaji, nao wanastahili. Lakini kesi za namna ile husimama juu ya karatasi za vituoni, fomu 34A, na karatasi hizo zina maana tu ikiwa wakala amekesha, amehesabu, amesoma, kisha akatia saini yake juu ya ukweli, naye amekataa chai ya saa nane za usiku aliyoletewa na mtu asiyemjua. Wazazi wetu walinyang'anywa karatasi wakapangwa mstari. Sisi tunazo karatasi. Ingekuwa aibu tuzipoteze kwa usingizi.

Hatukuwaahidi kwamba atakayesimama atashinda. Nikodemo hakujua kwamba siku ya tatu inakuja. Alibeba ratli mia za manukato kumzika mtu aliyemwamini, akijua kwamba asubuhi ya pili viti vya barazani vitamgeuzia mgongo. Lau angengoja kwanza aone nani ameshinda, angefika kaburini na kulikuta tupu, na mzigo wake usingekuwa na kazi.

Basi kumbukumbu za mkutano wenu ujao ziwe wazi. Na atakayeulizwa kama naye ametoka Galilaya, ajibu kwamba ndiyo, anatoka Riruta Satellite, na aendelee kuuliza swali lake.